Kisanduku cha Kubana Sauti ya Mama

Kosa lilianzia mdomoni mwangu, kama makosa yangu mengi.

Mwaka jana nilikuwa kidato cha tatu. Jumamosi moja mwalimu wa kwaya yetu ya Akheri alituita kanisani kusikiliza kanda ya majaribio. Tulikuwa watu thelathini na kitu, tumebanana kwenye mabenchi ya mbele, wengine bado wana udongo wa shamba miguuni, tunamkodolea macho akibonyeza redio yake. Redio hiyo aliinunua mjini, mtumba uliotoka kwenye kontena. Ilikuwa na nafasi mbili za kaseti na vidirisha viwili vyenye mishale inayocheza kufuata sauti. Mwalimu aliipenda kuliko alivyotupenda sisi. Aliibeba imefungwa kwenye kitenge cha mkewe kama mtoto mchanga anayekwenda kliniki.

Wakati huo kila kwaya ilikuwa na kanda au ilikuwa njiani kuwa nayo. Wazee walituambia kwamba zamani kurekodi ilikuwa lazima mfunge safari ya Dar, mkapange foleni kwenye redio ya serikali. Sasa vitu vimefunguliwa, na mtu yeyote mwenye redio ya kaseti mbili anajiita studio. Kwaya za jirani zilikuwa zimeshatoa zao, zinauzwa mjini kwenye vibanda. Sisi bado. Kwa hiyo siku ile ya majaribio watu walikaa kimya kuliko wakati wa mahubiri.

Kanda ikaanza vizuri. Sauti ya nne ikanguruma, ya tatu ikaingia, mwalimu akafumba macho kwa raha. Kisha kikaja kibwagizo, sauti ya kwanza wakapanda, na spika ikakwaruza, ikapasuka, krrraa, mpaka mtoto wa mtu akaanza kulia. Hakuna aliyeuliza ni nani. Katika kwaya yetu mtu wa kufanya hivyo ni mmoja tu, na ndiye aliyenizaa.

Nikasema, "Huyo ni mama, au kuna lori limepasua tairi pale Tengeru?"

Kanisa lote likacheka. Sauti ya nne walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama naye alicheka, amejifunika mdomo kwa khanga. Mimi nikajiona bingwa. Ila kicheko kilipoisha nikaona kwamba nilikuwa nimemfungulia mwalimu mlango, maana alikuwa na neno rohoni siku nyingi na hakuwa na pa kuanzia.

"Mama," akasema, "usinielewe vibaya. Sauti yako ni zawadi ya Mungu. Lakini ukiimba wewe, mshale unalala kwenye nyekundu, na ukilala kwenye nyekundu kanda inaharibika. Nikipunguza mashine, wenzako hawasikiki. Naona kwenye kurekodi upumzike. Jumapili utaendelea kuimba kama kawaida."

"Nisimame nyuma, mwalimu?" mama akauliza. "Pale mlangoni?"

"Tulijaribu mlangoni, mama. Hiyo uliyoisikia ndiyo ya mlangoni."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama akasema, "Haya." Alikuwa amesimama kwenye ile kwaya kabla mimi sijazaliwa. Kola zote za sare alizishona yeye kwa mkono, na yangu ilikuwa imepinda kwa sababu niliikalia ikiwa bado na sindano. Tulirudi nyumbani. Akamenya ndizi, akakamua ng'ombe, akaniambia nikalete maji. Angenichapa ningejua la kufanya. Ile "haya" sikujua niiweke wapi.

Kisanduku chenyewe kilikuwa chini ya kitanda changu muda wote huo. Baba alikuwa akifanya kazi Momela, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi, na mara moja alirudi na boksi alilopewa na mtafiti mmoja Mzungu aliyekuwa akirekodi ndege wa kule ziwani. Yule mtafiti alimaliza kazi yake, akagawa vitu. Baba alipata buti zisizomtosha na boksi lisilomhusu. Ndani kulikuwa na bodi ya kijani yenye matundu, mfuko wa vipande vidogo vya rangi rangi, vingine vimeshalehemiwa na vingine bado, na karatasi nne za Kiingereza. Mimi nililichukua kwa sababu ya visikilizio vya masikioni vilivyokuwemo, nikasahau mengine.

Baada ya ile "haya" nikazisoma karatasi kwa kamusi. Zilisema kifaa kinaitwa kompresa, na kazi yake ni kuishika sauti inayopita kiasi na kuirudisha chini kidogo, halafu kuiachia. Yaani kinafanya kazi ya prifekti wa mlangoni kule shuleni: ukinong'ona unapita, ukipiga kelele anakukandamiza kichwa mpaka utulie. Nilisoma pale mara tatu. Mwenye boksi alikitaka kwa ajili ya ndege wenye makelele. Mimi nilikuwa na mama.

Nilikwenda kwa mwalimu wa kwaya kuazima kipaza sauti chake. Nilimwamkia vizuri kabisa, magoti nusu yamekunjwa.

"Unataka kufanya nini nacho?"

"Natengeneza kitu cha kuzuia mshale usilale kwenye nyekundu."

"Wewe? Uliyeshindwa kushika sauti ya pili miaka miwili?"

"Ndiyo maana nimehamia upande wa vyuma, mwalimu. Vyuma havijui kwamba siwezi kuimba."

Akanipa. Alisema nikikiharibu nitamjibu baba yangu. Alisema pia kwamba atarekodi baada ya wiki nne, na kama kisanduku changu kitafanya kazi, mama ataimba. Kama hakifanyi, lile neno alilosema linabaki pale pale. Nikampelekea mama habari. Alikuwa anachambua maharage. Akaniangalia kama mtu aliyechoka kuahidiwa vitu.

"Umefanya hesabu zako za shule?"

"Bado."

"Basi anza na hizo."

Sikuanza na hizo.

Nyumbani hatukuwa na umeme, kwa hiyo nililehemu kwa kipande cha shaba nilichokichomeka kwenye mpini wa jembe bovu, nakichoma kwenye makaa ya jikoni mpaka kinabadilika rangi, nakimbia nacho mezani, nagusa mara mbili, kimeshapoa, narudi. Nilikuwa nikitoka shule, nachota maji, nakata majani ya ng'ombe, kisha naanza mbio za jikoni na mezani. Vidole vyangu vilikuwa na malengelenge hata kalamu ikawa inanichoma. Nguvu ya kuendeshea kifaa ilikuwa betri sita za tochi, nimezipanga ndani ya mwanzi uliopasuliwa, nikazifunga kwa mpira. Nilipomaliza kipande cha mwisho nikavaa visikilizio, nikasema kwenye kipaza sauti, "Halo, halo, mheshimiwa." Nikasikia nyuki. Hakuna mheshimiwa, nyuki watupu. Waya mmoja wa kurudishia nilikuwa sijaulehemu. Nikaulehemu. Nyuki wakaondoka, na sauti yangu ikaondoka nao.

Hapo ndipo uchovu wenyewe ulipoanza, maana kifaa kikawa na tabia ya kuzimia na kufufuka. Nikiwa jikoni, mle kwenye moshi, kinasikika vizuri. Nikitoka nacho barazani ili nikione vizuri nikirekebishe, kimekufa. Nakirudisha jikoni, kinafufuka. Nilikaza kila nati. Nilichomoa na kuchomeka tena mpaka matundu ya bodi yakaanza kulegea. Wiki nzima nikafikiri ni harufu ya maharage ndiyo kinaipenda. Babu, baba yake baba, alikuwa anakaa na sisi, na kila jioni aliniona nikiingia na kutoka na sanduku kifuani.

"Mgonjwa wako anaendeleaje?" akaniuliza.

"Anataka kulazwa jikoni, Babu."

"Hata mimi," akasema, "kama kuna nyama."

Nikashindwa. Jumamosi iliyofuata nikapanda gari mpaka mjini, kata ya Sokon I, kwa fundi wa redio mwenye kibanda cha mabati upande wa pili wa barabara kutoka kwenye gereji.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Redio ya mzee imekufa?"

"Siyo redio. Ni kompresa."

Akaangalia kisanduku, kisha akachungulia nyuma yangu kama kuna tairi. "Kompresa iko pale gereji."

Nilimweleza ni ya sauti. Hakuniamini mpaka alipokifungua. Akaunganisha waya zake, akakiweka mbele ya kibanda, juani. Kimya. Akainama ili asome maandishi ya kwenye bodi, na spika ikaongea. Akainuka kujikuna shingo, ikanyamaza. Akainama tena, ikaongea. Akabaki ameinama, ananitazama kwa pembe ya jicho.

"Fundi," nikasema, "kichwa chako ndicho kinachotengeneza. Ukae hivyo hivyo mpaka Pasaka."

Alicheka mpaka akaweka pasi ya lehemu chini. Kisha akanionyesha. Ndani ya kifaa kuna kitaa kidogo na kipande kinachoona mwanga, vimetazamana. Sauti ikiwa kubwa kitaa kinawaka sana, kile kipande kinaona mwanga, kinabana sauti. Vinatakiwa vikae kwenye giza, wao wawili tu. Karatasi zilitaka niviweke kwenye kijibomba cheusi. Mimi sikuwa nacho, nikatumia bomba la kalamu. Lile jeupe. Linaloonyesha wino umebaki kiasi gani. Kwa hiyo nikitoka nje jua lote la Arusha linaingia mle ndani, kifaa kinadhani kuna mtu anapiga kelele kutoka mbinguni, kinabana kila kitu. Jikoni kwetu ni giza, ndiyo maana kilikuwa kinapumua.

Fundi akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakivika juu ya bomba, akakunja mwisho. Tukakiweka juani kikaongea. Hakutaka kitu. Alisema nimemchekesha na siku ilikuwa ngumu.

Ikabaki kukipima. Karatasi ya mwisho ilisema: kuna skrubu moja ya kuweka kizingiti, yaani sauti ikifika hapa ndipo kifaa kianze kubana. Mweke mwimbaji umbali ule ule atakaosimama, aimbe kwa nguvu zake zote, nawe zungusha skrubu polepole mpaka taa nyekundu ya juu ya kisanduku ianze kuwaka pale anapopanda mwisho. Basi. Mtoto wa darasa la tatu angeweza.

Nilihesabu hatua nane sebuleni, kutoka dirishani mpaka mlango wa chumba. Nikaweka kipaza sauti kwenye stuli. Mama akasimama mlangoni, mikono ameikunja mbele, ametoka kuosha vyombo. Babu alikuwa kwenye kiti chake, amekuja kuona mgonjwa wangu akitembea.

"Kwa nguvu zako zote, mama."

"Nimesikia."

Akaimba ubeti mmoja. Ilikuwa nzuri, tamu, laini. Nikajiambia labda kanisani ni mwangwi wa kuta ndio unaoikuza.

"Ongeza, mama. Kama siku ya Pasaka."

"Hizi ndizo nguvu zangu, mtoto. Usinisumbue."

Nikashusha skrubu, nikashusha, nikashusha, mpaka ile taa nyekundu ikapepesa kwenye noti yake ya juu. Babu akapiga makofi mawili. Mimi nikalala saa kumi na mbili jioni, sijala, na sare ya shule mwilini.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kurekodi nikakipeleka kanisani. Umeme ulikuwepo, jambo la kushukuru peke yake. Mwalimu akachomeka waya wangu kwenye redio yake kwa kidole kimoja, kama mtu anayemgusa panya aliyekufa. Kwaya ikaimba. Taa nyekundu iliwaka tangu neno la kwanza na haikuzimika. Tukasikiliza kanda. Mwanzo walisikika kwa mbali. Kikaja kibwagizo, mama akapanda, na wengine wote wakazama. Thelathini na kitu, chini. Mama akivuta pumzi, wanaibuka polepole mmoja mmoja, wanasema nusu neno, mama anarudi, wanazama tena. Mshale haukugusa nyekundu hata mara moja. Ila kanda ilikuwa ya mama na watu wanaokufa maji.

"Binti," mwalimu akasema, "umetengeneza mashine ya kuzamisha kwaya."

Nilikuwa na majibu matatu mdomoni, nikayameza yote. Mama alikuwa ananiangalia.

"Jumamosi ijayo tunarekodi," mwalimu akaendelea. "Kikiwa hivi, nitakitoa, na mama atapumzika. Mungu ananiona, nimengoja."

Wiki ile sitaki kuisimulia sana. Niliamini bodi ina ubovu. Nililehemu upya kila kiungo, makaa, meza, makaa, meza. Shuleni nilisinzia kwenye jiografia, mwalimu akaniuliza mto gani mrefu, nikamwambia ule unaopita mezani kwangu, maana nilikuwa nimelowesha daftari kwa mate. Nikapewa eneo la kufyeka. Nikafyeka, nikarudi nyumbani, nikawasha makaa.  Jumatano mama alikuja akasimama nyuma yangu, akasema, "Acha, mwanangu. Si lazima." Ndiyo sentensi iliyonichosha kuliko zote.

Alhamisi nilikwenda mtoni kufua sare. Nilibeba na kisanduku na mwanzi wake wa betri, kwa sababu kule chini hakuna ng'ombe wala kuku, na nilitaka kusikiliza kama kuna mvumo. Nikakiweka juu ya jiwe, kipaza sauti pembeni, nikakaa na visikilizio, miguu majini. Nadhani nilisinzia. Nilichoshtukia ni jina langu, ndani ya kichwa changu, kama limetamkwa na malaika aliyekasirika. Mama alikuwa akiniita kutoka mwisho wa shamba, juu kabisa ya mteremko, ng'ambo ya migomba na kahawa ya majirani wawili. Nikatazama kisanduku. Taa nyekundu ilikuwa imewaka. Haikupepesa. Iliwaka ikatulia.

Nikaitazama ile taa mpaka ikazimika. Sebuleni, kwa hatua nane, ilipepesa tu. Hapa kulikuwa na shamba zima katikati.

Sikupanda. Nikanyamaza makusudi. Akaita tena, taa ikawaka tena. Mara ya tatu alitumia na jina la ukoo, na kunguru wakaruka. Mara ya nne akashuka mwenyewe na fimbo.

"We mtoto una masikio au una mapambo?"

"Mama, kabla hujanichapa, imba."

"Nini?"

"Simama pale kwenye lile jiwe. Imba kibwagizo. Halafu utachapa."

Akanitazama, akatazama kisanduku, akatazama fimbo. Kisha akageuka nyuma, juu, kuelekea nyumbani. Akapunguza sauti kabisa.

"Baba yuko wapi?"

Baba, kwa mama, ni Babu. Ndivyo anavyomwita.

"Nyumbani. Amelala."

"Una hakika? Hajaja shambani?"

Ndipo nikaelewa, na nikajiona mjinga kuliko siku zote za maisha yangu, pamoja na ile ya kwenye jiografia. Kwetu mwanamke aliyeolewa hapazi sauti mbele ya baba mkwe wake. Hakuna sheria iliyoandikwa. Mama tangu aolewe kwenye mji wa Babu hajawahi kuniita kwa nguvu Babu akiwa karibu. Hunitafuta kwa miguu, au hutuma mtoto mwingine. Kanisani ni jambo jingine, kule wote wako mbele ya Mungu, na Babu mwenyewe hukaa nyuma kabisa. Lakini sebuleni, mzee yuko kwenye kiti chake, mimi nikamwambia imba kwa nguvu zako zote, naye akanipa zile zinazoruhusiwa. Nikakipima kifaa kwa heshima ya mama. Bodi haikuwa na ubovu wowote. Wiki nzima nilikuwa namchoma sindano mtu asiyeumwa.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Niseme nini? Uliniambia niimbe, nikaimba."

"Nilikuambia nguvu zote."

"Mbele ya baba?" Aliniangalia kama nimemwomba acheze uchi.

Nikahesabu hatua nane kutoka kwenye kipaza sauti. Jiwe lake lilikuwa kwenye hatua ya kumi, akasogea kwenye maji, khanga ameipandisha. Akatazama tena juu. Kisha akafungua mdomo.

Sitaeleza. Upande wa pili wa mto kulikuwa na mama mmoja anachota maji, akaweka ndoo chini. Nilipandisha skrubu, nikapandisha, nimevaa visikilizio mpaka masikio yakaanza kuuma, nikamrudisha kwenye kibwagizo mara saba, mara nane, "Mama, tena," "Tena?", "Tena kidogo," mpaka taa ikawa inapepesa pale juu tu, kwenye ile noti, na kuzimika palepale. Skrubu nikaitia rangi ya kucha niliyoazima shuleni, kitu ambacho hata kukimiliki ni kosa, ili isizunguke njiani. Mama akakaa kwenye jiwe, amechoka, miguu majini kando ya yangu. Fimbo ilikuwa imechukuliwa na maji.

"Una bahati," akasema.

Jumamosi ya kurekodi tuliingia kanisani saa mbili asubuhi. Wimbo wa kwanza ukaenda. Mwalimu hakuwatazama waimbaji, alitazama mshale tu, uso karibu uguse kidirisha. Mama alipopanda mshale ukapanda naye, ukafika kwenye mstari, ukasimama pale, ukashuka. Taa yangu ikapepesa mara moja. Mwalimu akasimamisha kanda, akarudisha, akasikiliza. Wote walikuwepo. Mama alikuwepo katikati yao, juu kidogo, anasikika ni yeye.

"Ahaa," mwalimu akasema. Kisha akafikiri. Akaniita pembeni. "Hiki kinaweza kubana zaidi?"

"Zaidi vipi?"

"Kaza kidogo. Asikike na wenzake tu. Asijitokeze. Yaani mtu asijue kwamba yupo."

Kidole chake kilikuwa kinakwenda kwenye skrubu. Mimi ni mtu wa kusema uongo wa kuchekesha, watu wote wanajua, na shida yake ni kwamba ukweli wangu hauaminiki. Siku ile nilisema uongo na uso wa mchungaji.

"Mwalimu, usiguse hapo penye rangi nyekundu. Ni alama ya hatari. Ukigusa inarudisha umeme kwenye redio."

Kidole kikarudi mfukoni.

"Redio yangu?"

"Vidirisha ndivyo vinaanza kuungua."

Akasogea hatua mbili nyuma, na hakukikaribia tena siku nzima. Siombi msamaha.

Tuliimba nyimbo tisa. Nasema tuliimba, mimi nilisimama sauti ya pili natembeza midomo. Wimbo wa tatu jogoo aliingia, tukarudia. Wa nne umeme ukakatika, tukakaa saa moja na nusu tunatafuna miwa, ukarudi, tukarudia. Wa sita mvua ikapiga mabati, tukangoja. Kila wimbo mara tatu, mara nne, na mama kila mara kwa nguvu zile zile, hakujua kuimba kwa kuweka akiba. Nilimwona wimbo wa nane ameshika ukingo wa benchi. Kola zimelowa jasho. Wa tisa ulipokwisha mwalimu akabonyeza kitufe, hakuna aliyeshangilia. Watu walikaa chini walipokuwa.

Tukarudi nyumbani. Mama alipofungua mdomo anitume maji, hakukutoka kitu. Pumzi tu. Jumapili hakuimba. Jumatatu aliniita kutoka mwisho wa shamba kwa kupiga sufuria kwa mwiko, na Babu akauliza kuna harusi kwa nani.

Jumatatu hiyo hiyo jioni mwalimu akaja na redio kwenye kitenge chake. Akaikalisha mezani. Alisema kanda ni nzuri, mchungaji amesikiliza, ila kuna mahali pamoja. Wimbo wa tano, kibwagizo cha mwisho. Betri zangu zilikuwa zimeanza kuchoka wakati ule, kabla sijazibadilisha, kisanduku kikachelewa kidogo, na mshale ukaingia kwenye nyekundu. Akatuchezea. Ni kweli, spika inakwaruza pale, kwa muda wa neno moja.

"Tutarudia huo mmoja Jumamosi," akasema. "Kwaya yote imekubali. Au mama apumzike kwa huo mmoja tu."

Mama akagusa koo lake, akatikisa kichwa. Akanyoosha vidole: wiki mbili, tatu. Kisha akanyoosha kidole kwenye redio, akakizungusha hewani. Cheza tena. Mwalimu akacheza tena. Mama akasikiliza ameegemea mlango wa chumba, ametoka kuosha vyombo, mikono inachuruzika maji, macho ameyafumba, na ilipofika pale penye mkwaruzo hakuyafumbua. Ikaisha. Akatikisa kichwa tena, polepole. Hapana.

"Mashine za kunakili zinangoja kanda mjini," mwalimu akasema, kwa mtu ambaye hawezi kumjibu. Alimtazama Babu, Babu akatazama dirisha. Akanitazama mimi. Nilikuwa nimechoka mno hata kwa uongo, nikamwambia tu, "Mwalimu, hana sauti. Iko humo ndani yote."

Mwalimu akazima redio. Akafunga redio kwenye kitenge.

Kanda ilitoka hivyo hivyo. Ukiipata, wimbo wa tano, kibwagizo cha mwisho, spika yako itakwaruza kidogo. Usiipeleke kwa fundi.